Kompyuta Iliyopumua Kinyume

Inspekta Gachanja aliomba watu wote watoke chumbani, na kama kawaida akabaki yule aliyetakiwa kutoka wa kwanza. Bwana Kinyanjui, meneja wa Ushirika wa Mavuno Mapya, alisimama mlangoni mikono kiunoni, akiitazama kompyuta iliyoungua jinsi mkulima anavyomtazama ng'ombe ghali wa gredi aliyekufa kabla hajakamuliwa.

"Inspekta, mimi sielewi tunachunguza nini tena," alisema. "Msichana mmemshika. Mashini imeungua. Kesho asubuhi si mnampeleka kortini?"

"Kesho ni kesho. Leo niache nione ndani."

Julai ya mwaka wa sabini na sita ilikuwa imeleta baridi kali mjini Nakuru, na moto ule ulikuwa umetokea Jumamosi alasiri, siku mbili zilizopita. Chepkemoi, karani aliyeiendesha kompyuta hiyo, alikuwa peke yake chumbani. Tangu jioni ile alikuwa ndani ya seli, na kesho asubuhi angesomewa mashtaka ya kuchoma mali ya ushirika kwa makusudi. Hilo ni kosa la miaka mingi gerezani. Kati ya maneno yote ambayo angeweza kusema kujitetea, alikuwa amechagua moja tu, "Sikuichoma," kisha akakunja mikono kifuani na kunyamaza.

"Sababu anayo," Kinyanjui aliendelea. "Mashini hii ingefanya kazi ya makarani wanne, na wote ni rafiki zake. Halafu aliifunika na kitambaa ndio ikose pumzi. Angalia mwenyewe!"

Kitambaa kilikuwapo kweli, cheupe, cha kufuma, chenye maua pembeni. Hakuna nyumba ya heshima kule ambayo redio yake ilikaa uchi, kochi lilikuwa na kitambaa chake na meza chake, na Chepkemoi aliona kompyuta nayo isiachwe nyuma. Gachanja alikifunua. Rangi iliyokuwa chini yake haikuwa imevimba wala kubadilika.

"Weka mkono hapa. Unaona tundu lolote?"

Kinyanjui alipapasa. "Sioni."

"Halipo. Huku juu ni bati tupu. Huwezi kumnyima mtu pumzi kwa kumvalisha kofia."

Gachanja alikuwa ametumikia miaka mingi katika chumba cha redio cha polisi kabla ya kuhamishiwa upelelezi. Huko alijifunza kwamba mitambo ya umeme hufa kwa joto zaidi kuliko kitu kingine chochote, na kwamba ukitaka kujua ilivyokufa, fuata njia ya hewa. Alitoa bisibisi mfukoni, akafungua ubavu wa kabati la kompyuta, akapiga goti na kuwasha tochi.

Kabati lilikuwa la chuma, rangi ya maziwa, urefu wa kufika kiunoni. Lilisimama sakafuni kando ya meza ya karani, na waya nene iliunganisha kibodi ya mezani nalo. Waliolipanga hawakuwa wajinga. Transfoma nzito iliwekwa chini kabisa mbele, karibu na matundu ya kuingizia hewa baridi. Bodi za umeme zilisimama wima juu yake, kila moja imeachiwa nafasi na mwenzake ili hewa ipite katikati. Feni ilikuwa nyuma kwa juu, chini ya dirisha, kwa sababu joto hupanda lenyewe na linachohitaji ni mtu wa kulifungulia mlango. Nyuma ya matundu ya mbele kulikuwa na kipande cha kitambaa kizito cha kuchuja vumbi. Kama Gachanja angeombwa kulipatia alama, angelipatia za kutosha.

Tatizo ni kwamba kila kitu kilikuwa kimechafuka mahali pasipostahili. Kitambaa cha kuchujia, ambacho kilipaswa kujaa vumbi la mji mzima, hakikuwa na vumbi hata kidogo, ila kilikuwa kimeungua upande wa ndani. Bodi za juu, ambazo zilipaswa kuwa safi, zilikuwa zimevaa vumbi la barabarani kama viatu vya mtu aliyetembea kutoka Njoro. Transfoma ilikuwa nyeusi tititi.

Alimulika feni. Pembeni mwake kiwanda kilikuwa kimechora mshale wa kuonyesha hewa iendako. Mshale ulielekea ndani.

"Bwana Kinyanjui, nani hufungua kabati hili?"

"Fundi wetu, Manjit Singh. Huja Jumamosi, siku hakuna watu wengi. Kwa nini?"

"Feni hii imegeuzwa. Inatakiwa kutoa joto nje, lakini imekuwa ikivuta hewa kutoka dirishani na kusukuma joto chini. Hewa imepita kwenye bodi, ikapata moto, ndipo ikafikia transfoma. Skrubu zake zimekwaruzwa, na mikwaruzo bado inang'aa. Si kazi ya zamani."

"Si basi ni huyo msichana! Ameigeuza ili iungue!"

"Na bisibisi alitoa wapi, kwenye kitambaa cha maua?"

Gachanja akasogeza tochi sakafuni. Moshi ulikuwa umetokea chini mbele, ukapaka simiti masizi hadi chini ya kiti. Katikati ya weusi huo kulikuwa na mahali peupe, pembe nne zilizonyooka, mbele kabisa ya matundu. Kitu fulani kilikuwa kimekaa hapo wakati wa moto, kikapokea masizi kwa niaba ya sakafu, kisha kikaondolewa.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Sijui. Mimi kazi yangu ni ofisi ya mbele," meneja alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua.

Langoni, mlinzi wa ushirika, mzee Karanja, alikuwa akiota jiko la makaa. Alipomwona inspekta aliinuka na kupiga saluti ya jeshi la zamani.

"Mzee, siku ya moto ulimwona Chepkemoi akitoka?"

"Nilimwona, afande. Alitoka mbio na mzigo hapa kifuani, ameufunika na leso. Nikamsalimia, hakuitika. Na si kawaida yake, ni msichana wa adabu. Akakata kona ile ya nyuma. Kurudi, mikono mitupu! Hapo ndio akaanza kupiga nduru, moto, moto."

"Alitoa mzigo kwanza, ndipo akaita watu?"

"Ndivyo ilivyokuwa. Niliandikisha hata kwa sajini."

Sajini alikuwa ameyaandika maneno hayo kwa furaha, kwa sababu yalimmaliza kabisa msichana. Mtu anayeokoa mzigo kabla ya kupiga kelele, mzigo huo ni wa wizi, au ni chupa ya mafuta ya taa. Lakini hakuna kilichoibiwa ofisini, na chumba hakikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Gachanja alikuwa akilitafakari hilo wakati macho yake yalipotua kwenye chombo ambamo Karanja aliwekea makaa yake ya akiba. Kilikuwa katoni pana, fupi, yenye vitundu vya hewa ubavuni na picha ya kifaranga. Ubavu wake mmoja ulikuwa umebabuka.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ndani, afande. Niliambiwa nifagie, nikaiona mbele ya mashini. Nikajua ni ya meneja, si yeye ndiye mtu wa kuku?"

Makaa yalimwagwa chini bila kumwonea mzee huruma. Gachanja aliirudisha katoni ndani na kuipachika juu ya pale peupe sakafuni. Ilitoshea bila kubaki hata upana wa kidole, na ubavu uliobabuka ukaelekea matundu.

Kinyanjui alianza kutoa jasho, baridi au si baridi.

"Maboksi ni yangu," alisema. "Kila mwezi naletewa vifaranga kutoka Naivasha, kwa gari la moshi. Nikishawahamisha, maboksi natupa stoo. Mtu yeyote anaweza kuchukua!"

"Vifaranga hufa sana na baridi, siyo?"

"Wanakufa, ndiyo. Lakini Inspekta, mimi niweke kuku kwa mashini ya ushirika? Mimi?"

Kwa muda Gachanja aliamini kwamba amempata mtu wake. Ukweli usemwe, alifurahi, kwa sababu meneja alikuwa amemkera tangu asubuhi. Hadithi ilikuwa imejipanga vizuri: baridi ya Julai, vifaranga wachanga, joto la bure likivuma karibu na sakafu, na karani mnyonge wa kubebeshwa lawama. Kwenye kona ya katoni kulikuwa hata na manyoya mepesi ya manjano.

Aliyachukua kwa vidole viwili na kuyavuta. Yakavutika. Yakawa marefu, na yalikuwa yamesokotwa.

Hajawahi kuanguliwa kifaranga mwenye manyoya ya kusokotwa. Gachanja aliikagua katoni upya, safari hii bila tamaa ya kumfunga meneja. Hapakuwa na kinyesi wala chembe ya chakula cha kuku. Palikuwa na nyuzi za sufu, na alipoinamisha pua chini kabisa, chini ya harufu ya moshi na makaa ya Karanja, kulikuwa na harufu ya poda. Alikuwa na watoto watano nyumbani. Poda ile aliijua.

"Bwana Kinyanjui, Chepkemoi alichukua likizo mwaka huu?"

"Alichukua, mwezi wa tatu. Alienda Londiani kumuuguza mama yake. Alikaa huko mpaka nikakaribia kumpa mtu mwingine nafasi. Kuku zinahusu nini na likizo?"

"Na msichana wa ofisi hii akipata mtoto, mnafanya nini?"

"Kama hajaolewa, anaenda nyumbani. Sheria ya ushirika ni moja tu. Hapa si kliniki."

Meneja huyo alijua bei ya kila skrubu ya kompyuta, lakini msichana aliyeketi mbele yake miezi yote ile, sweta juu ya sweta, hakuwahi kumtazama vizuri. Gachanja alifunga ubavu wa kabati, akachukua katoni kwapani na kuelekea kona ya nyuma, ile aliyoikata Chepkemoi.

Nyuma ya ushirika palikuwa na uchochoro, na mwisho wa uchochoro palikuwa na karakana ya Manjit Singh. Alikuwa mzee wa kilemba na ndevu nyeupe, fundi wa redio, mota na kila kilichokuwa na waya. Alizaliwa Njoro na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kikuyu zaidi kuliko cha Gachanja mwenyewe. Mlango wa nyuma wa karakana ulifungukia ua wa nyumba yake.

"Bwana Singh, wewe ndiye uligeuza feni ya kompyuta ya ushirika?"

Manjit hakuinua kichwa. Alikuwa akisafisha brashi za mota, akizisafisha zile zile alizokwisha kuzisafisha. "Mimi nafunga vile nakuta."

"Mshale umechorwa na kiwanda, mzee. Hata asiyejua kusoma angeufuata. Skrubu zimekwaruzwa na bisibisi pana, kama hiyo hapo mezani. Wewe si fundi wa kukosea jambo hilo."

"Fundi pia hukosea."

"Basi niambie ulikosea kwa sababu gani."

Kabla Manjit hajajibu, mtoto mchanga alilia nyuma ya mlango wa ua. Kilikuwa kilio cha kukwaruza, chenye kikohozi mwishoni.

"Ni mtoto wa jirani," Manjit alisema haraka mno.

"Jirani yupi?"

Mlango ulifunguka kabla ya jirani kubuniwa. Mke wa fundi, Jasbir Kaur, mama mwenye mvi na miwani, aliingia akimtikisa mtoto begani, chupa ya maziwa mkononi. Nyuma yake nepi zilikuwa zimeanikwa uani. "Manjit, anakataa chupa tena," alisema, ndipo akamwona mgeni. Mtoto alikuwa amefungwa shali ya sufu ya manjano, na upindo mmoja wa shali hiyo ulikuwa wa kahawia, umeungua.

Gachanja aliweka katoni mezani polepole, na Manjit alipoiona akaacha kusafisha.

"Usimseme kwa meneja," Jasbir alisema. "Inspekta, nakuomba."

"Mama, kesho anapelekwa kortini. Mkinyamaza atafungwa. Niambieni ilivyokuwa."

Manjit alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. "Jirani wa Chepkemoi anayemlea mtoto ni Msabato," alisema hatimaye. "Siku zingine hakuna shida. Jumamosi jirani yuko kanisani, na ofisi inataka kazi ya mwisho wa mwezi. Jumamosi moja mwezi uliopita nilienda kusafisha mashini, nikamkuta mtoto ndani ya boksi chini ya meza anakohoa. Midomo imekuwa rangi ya wino. Mama yake anapiga kibodi kwa mkono mmoja, mwingine anamtikisa. Wewe ungefanya nini?"

"Ningeleta jiko."

"Jiko la makaa ndani ya chumba kimefungwa? Ungemuua kabla ya chai."

Gachanja alikubali kwa kichwa. Alikuwa amejibu bila kufikiri, na kuhusu moto fundi alikuwa sahihi.

"Joto lote la mashini lilikuwa linatoka dirishani bure," Manjit aliendelea. "Nikageuza feni, likaja chini, miguuni. Nilijua transfoma itateseka, lakini kwa baridi hii ingevumilia. Baridi ikiisha ningerudisha. Nilimwambia jambo moja tu: boksi likae mbali na matundu, hewa ipate kupita."

"Na Jumamosi hii ya moto ilikuwa baridi kuliko siku zote."

"Ndiyo."

"Akalisogeza."

"Mama gani asingelisogeza?" Jasbir alisema kwa hasira. "Alikuja hapa mbio, mkono umeungua, akanipa mtoto, akarudi kuita watu. Alituapisha tusiseme. Alisema kazi ikienda, mtoto atakula nini?"

"Na mimi niliogopa," Manjit alisema. "Wacha niseme ukweli wote. Nani atanipa mashini yake tena nitengeneze akisikia haya? Nimekaa hapa siku mbili namsikia mtoto analia, na mama yake yuko ndani kwa sababu ya mikono yangu, na nimeogopa." Macho yake yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha.

"Vaa koti, mzee. Mama, mlete mtoto."

Kituoni, kilio kilifika seli kabla ya wao kufika. Konstebo Wachuka, aliyekuwa zamu upande wa wanawake, alikuwa ameshangaa tangu Jumapili kwa nini mahabusu wake aliomba vitambaa vya kujiwekea kifuani. Sasa alielewa bila kuambiwa. Alifungua mlango bila kungoja amri, na Gachanja akajifanya hakuona.

Chepkemoi hakuuliza kitu. Alimpokea mtoto, akageukia ukuta, na kwa muda kilichosikika kilikuwa kumeza tu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji chafu. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka, na Gachanja alisoma tangazo la kichaa cha mbwa lililobandikwa ukutani, akalisoma tena, mpaka yakatulia.

"Singh ameandikisha kuhusu feni," alisema kisha, akikaa kwenye benchi na kalamu yake. "Bado neno lako. Nataka kujua kilichoziba matundu."

Chepkemoi aligeuka. Alikuwa msichana mwembamba, macho yamevimba, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Afande, andika nilikuwa nakausha nguo. Niliweka nguo kwa boksi, nikasahau. Kosa ni langu, nitalipa pole pole."

Gachanja alilipima jambo hilo kwa dhati, na ni vizuri ijulikane kwamba alitamani kuliandika. Lingemwachia msichana kazi yake. Kisha akatikisa kichwa.

"Karanja alikuona ukitoa mzigo kabla ya kuita watu. Mwendesha mashtaka hatauliza kitu kingine. Mtu akiona moto akakimbiza nguo kwanza, huyo ana la kuficha, na hakimu atakufunga. Akikimbiza mtoto, huyo ni mama. Hakuna atakayeamini kwamba uliwasha moto mahali ulipomlaza. Lakini lazima awe mtoto. Siwezi kuandika nusu."

"Kinyanjui atanifuta kazi."

"Atakufuta."

Hakulipamba, na msichana alionekana kumshukuru kwa hilo. Nje ya seli Manjit alikohoa na kusema kwamba karakana yake haijawahi kuwa na mtu wa kuandika risiti. Jasbir alimwambia anyamaze kwanza, msichana afikiri.

Chepkemoi alimtazama mtoto aliyekuwa amelala sasa, kinywa wazi, tone la maziwa kidevuni. Alilipangusa kwa kidole gumba. Miezi yote hiyo alikuwa amemwita kwa mnong'ono, chini ya meza, kwenye uchochoro, usiku na redio ya jirani ikiwa juu.

"Andika," alisema.

Gachanja aliandika. Katoni, matundu, shali, kukimbia. Alipofika mahali pa kueleza aliyekuwa ndani ya katoni, aliandika "mtoto wake," akatia nukta na kugeuza karatasi.

"Hapana, afande," Chepkemoi alisema, na safari hii sauti ilisikika hadi kaunta, ambako Kinyanjui alikuwa amekwisha kufika na kusimama akingoja. "Usiandike mtoto tu. Andika na jina. Anaitwa Chelagat."